Kidonge cha Adhuhuri

Mwezi ule wa Shaabani, paka wa kitongoji kimoja cha Wingwi walijua saa. Ikikaribia adhuhuri wanatoka majikoni, wanashuka mapaani, wanakatisha njia mmoja mmoja mpaka nyuma ya nyumba ya Mzee Vuai. Wakifika wanakaa kitako, mikia wameizungusha miguuni, kama watu waliokuja kwenye hitima na wanajua pilau iko tele. Majirani wakaona, wakacheka, wakapita. Hakuna aliyeuliza. Kumwuliza Mzee Vuai jambo ni kujipa kazi, maana hujibu neno moja, na neno lenyewe mara nyingi ni "Ndiyo," hata kama swali halikuwa la ndiyo.

Hakuwa mkali. Alizoea kusemewa. Miaka arubaini na mitatu aliishi na Bi Mwanawema, na Mwanawema alikuwa na maneno ya watu wawili, akayatumia yote. Penye msiba ndiye aliyetoa pole ya nyumba nzima. Penye harusi ndiye aliyetoa hongera. Daktari akiuliza, "Mzee, unaumwa wapi?" Mwanawema hujibu, "Kiuno, tangu juzi. Na usiku anakoroma." Vuai anakaa pembeni, anatikisa kichwa. Mambo yakenda.

Shule hakuingia. Wenzake walipokuwa wanaingia darasani, yeye alikuwa juu ya mkarafuu na baba yake. Kusoma kwake ni sura alizozihifadhi kwa sikio. Kuhesabu kwake ni kwa vidole, na siku yake huigawa kwa sala tano. Alichuma karafuu mpaka magoti yalipokataa kupanda, akashuka, akashika jembe. Ana konde la muhogo, migomba, na kuku wasiojulikana idadi kwa sababu hawakai pamoja wakahesabika.

Mfungo Tano, mwezi wa tano tangu Ramadhani kwisha, Mwanawema akafa. Alisali alasiri, akalala, hakuamka. Wakamzika nyuma ya migomba. Nyumba ikanyamaza.

Aliacha kanga tatu mpya ambazo hazijaguswa maji, na akaacha siku kumi na moja. Ramadhani iliyopita homa ilimlaza, akala siku kumi na saba, hakuzifunga. Alipopona akaanza kulipa. Akalipa sita. Kila akikaa kusuka ukili husema, "Bado kumi na moja, Vuai. Nitazimaliza kabla mwezi mwengine haujaandama." Aliyezijua siku hizo ni Vuai peke yake.

Basi Shaabani ilipoingia, akaamua azifunge yeye. Aanze Jumatatu, amalize Alhamisi ya wiki ya pili. Hakumwambia mtu. Funga haitangazwi, aliona, na hasa haitangazwi kwa Kazija.

Bi Kazija ni mdogo wake Mwanawema, anakaa ng'ambo ya njia na mumewe Masika. Tangu dada yake afe, alijipa kazi ya kumpelekea shemeji yake chakula cha mchana. Kila siku, saa sita na kitu, anavuka njia na sahani iliyofunikwa kawa, anaiweka barazani, anamsimanga kidogo, anarudi. Jioni anakuja kuchukua sahani. Ulimi wake ulikuwa wa Mwanawema, ila uliongezwa pilipili.

Sasa kabla ya hiyo Jumatatu kukatokea jambo. Alhamisi ya kabla yake, Mzee Vuai alikuwa kondeni anang'oa muhogo wa daku, kisiki kilichokatwa kwa panga kikamchoma kwenye ugoko. Akafunga kitambaa, akaendelea. Jumapili mguu ukawa umevimba, mwekundu, wa moto, unatoa usaha. Wengine wangeahirisha funga. Yeye akapima kwa akili yake: kidonda kipo mguuni, funga ipo tumboni. Hawakutani.

Asubuhi ya Jumatatu Kazija akaja na uji, akauona mguu.

"Yakhe! Hii si ya kufungia kitambaa. Kunywa uji huu, twende kituoni."

Alipoingia ndani kumtafutia kofia, uji ukaenda kwa kuku.

Kituo cha afya hakiko mbali. Muuguzi wa zamu alikuwa Nusaiba, binti wa pale pale, ambaye Mzee Vuai alimjua tangu anabebwa mgongoni. Akakisafisha kidonda, akatoa usaha, kisha akachukua kalamu akachora mstari kwenye ngozi, pale wekundu ulipoishia.

"Nataka nijue unarudi nyuma au unapanda," akasema. "Haya, babu. Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru? Kukuwasha mwili, kukuvimbisha mdomo?"

Mzee Vuai akageuka kushoto. Kushoto, alikokaa Mwanawema siku zote, hakukuwa na mtu. Kazija alikuwa kulia.

"Hana," akasema Kazija. "Huyu hata upupu haumwashi."

"Dawa nyengine anakunywa?"

"Hanywi."

"Amekula?"

"Nimempelekea uji kwa mkono wangu. Bakuli limerudi jeupe."

Mzee Vuai akatazama dari. Hakusema uongo. Hakuulizwa yeye.

Nusaiba akahesabu vidonge vya rangi mbili, ishirini na kimoja, akavitia kwenye bahasha ndogo. Juu ya bahasha akamchorea: jua linachomoza, jua la utosini, na mwezi.

"Hii ni antibiotiki, babu. Inaua vijidudu vilivyoingia kwenye kidonda. Kimoja kila baada ya saa nane, siku saba. Ukitoka kusali alfajiri, kimoja. Saa saba mchana, kimoja. Saa tatu usiku, kimoja. Kwa maji ya kutosha. Usipunguze, usirundike, usimpe mtu. Na ukijiona mzima, usiache. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Basi cha kwanza kinywe hapa hapa, usiondoke nacho."

Akamwekea kikombe cha maji mkononi. Mzee Vuai akakitazama kile kikombe kama mtu anayetafuta mdudu ndani yake.

"Maji ya bomba," akasema. "Ntakunywa kwangu. Ya kisima."

"Tangu lini unachagua maji?" Kazija akamwuliza. Lakini Nusaiba alikuwa na kina mama tisa wenye watoto nje, akamwacha.

Nyumbani akaiangalia bahasha. Jua linalochomoza halikuwa na tabu, maana kabla yake kuna daku. Mwezi nao haukuwa na tabu. Lililomsumbua ni jua la utosini. Akafikiri, kisha akalichukua jua la utosini akalihamishia kwenye mwezi. Vidonge viwili baada ya tende na maji ya magharibi, kimoja wakati wa daku. Vitatu ni vitatu, alijiambia. Mguu hauna macho ya kuona kama kumekucha.

Sahani ya mchana nayo ilihitaji akili. Kutupa chakula ni dhambi. Kukirudisha ni kumwita Kazija aje na maswali yake. Basi wali akawapa kuku, samaki akawapa paka. Sadaka ni sadaka, na paka hawatoi siri.

Jumanne paka wawili. Jumatano saba.

Jumatano hiyo pia usingizi ulimzidi, daku likampita, na kidonge chake kikampita. Ilipofika magharibi akavimeza vyote vitatu pamoja, hesabu ikae sawa. Hesabu ikakaa. Tumbo halikukaa. Alfajiri ya Alhamisi imamu alimwona safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango, viatu havijavuliwa vizuri, na alipotoa salamu ya kumalizia sala Mzee Vuai alishatoka.

Saa tatu asubuhi yeye na Kazija wakarudi kwa Nusaiba. Akakifungua kidonda, akautafuta mstari wake. Wekundu ulikuwa umeuvuka mstari wa kalamu kwa vidole viwili.

"Dawa unakunywa, babu?"

"Ndiyo."

Akamwaga bahasha mezani, akahesabu. Kumi na viwili. Akahesabu tena. Kumi na viwili, kama inavyotakiwa.

"Basi sielewi," akasema Nusaiba, akamgeukia Kazija. "Hesabu haina kasoro, kidonda ndiyo kinakwenda kinyume. Jumamosi nimwone kabla hatujafunga saa saba. Ukipanda zaidi, siku hiyo hiyo hospitali. Na akipata homa au kizunguzungu, msisubiri Jumamosi."

Kazija hakusubiri hata kufika nyumbani. Akasimama njiani, akampigia simu Fahmi, mtoto wa Mzee Vuai anayekaa Unguja, na akaiweka simu sauti ya juu ili na kuku wa Wingwi wasikie.

"Mama mdogo," ikasema sauti ya Fahmi, "Ijumaa ijayo nakuja na boti. Nikimkuta hawezi kutembea sawasawa, naondoka naye. Nina chumba. Nyumba ifungwe, kuku wagaiwe. Mzee hawezi kukaa peke yake na mguu unaooza."

Mzee Vuai akasikia kila neno. Fahmi alikuwa mtoto mwema, na chumba chake kilikuwa na feni. Lakini Mwanawema hakuwa Unguja. Alikuwa nyuma ya migomba, na kila asubuhi Vuai alipita kumwambia mambo mawili matatu. Ndiyo maneno aliyokuwa amebaki nayo.

Basi jambo likawa hivi: mguu upone kabla ya Ijumaa, au nyumba ifungwe. Na yeye hakuona mlango wa tatu. Kuacha funga hakukumjia hata akilini, kwa sababu siku zenyewe zinakwisha Alhamisi. Kama ni kuondolewa Wingwi, alitaka aondoke Mwanawema akiwa hadaiwi kitu.

Ijumaa Kazija alipokuja kuchukua sahani, hakuondoka.

"Shemeji, unakula?"

"Ndiyo."

"Unakula wapi?"

Mzee Vuai akaanza kufagia baraza kwa mkono.

"Nakuuliza kwa sababu sahani yangu inarudi imelambwa, na mlaji mwenyewe mashavu yamebonyea. Chakula kinakwenda wapi? Au kijijini Gando kuna mtu anakupikia?"

"Gando?"

"Usijitie ujinga. Ulikuwa na safari zako za Gando weye, zamani."

"Mbegu. Nilikwenda kununua mbegu."

"Mbegu!" Kazija akatia sahani kwapani. "Dada yangu naye aliambiwa mbegu. Akaamini, masikini."

Jumamosi akapika changu mkubwa wa kukaanga, wali wa nazi, na kachumbari. Akaiweka sahani barazani, akasema nakimbilia kwangu nimeacha chungu motoni. Hakukimbilia kwake. Akazunguka banda la kuku, akachuchumaa nyuma ya ua wa makuti, pua kaiziba kwa ncha ya kanga.

Paka walikuwa wameshakaa. Kumi na mmoja.

Mzee Vuai akatoka mlango wa nyuma anachechemea, sahani mkononi. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Akasema bismillahi kwa niaba yao. Kisha akamgawa yule changu kwa uadilifu mkubwa: mkia kwa paka mweusi, ubavu kwa wale mabaka, na kichwa, chenye utamu wote, akampa paka mmoja mwenye mimba. "Weye wala kwa wengi," akamwambia. Kwa paka alikuwa na maneno.

"CHANGU WANGU!"

Ua ukatikisika. Paka wakatawanyika, ila yule mwenye mimba, aliyeona kichwa hakiachiki. Kazija akatokea na unyoya wa kuku kwenye ushungi.

"Siku sita! Siku sita nasimama jikoni moshi unanitoa machozi, nakuna nazi, nalisha paka wa Wingwi nzima! Kumbe wale wa jirani zetu kina Asma walivyonenepa ni mkono wangu!"

Mzee Vuai akatazama sahani.

"Sema, Vuai. Mapishi yangu ni mabaya? Cha dada yangu umekila miaka arubaini na mitatu, changu hata siku sita hukiwezi? Si ungenambia tu, nikajua siwezi kushika nafasi yake."

Hapo sauti yake ikapasuka, akageuza uso. Na Mzee Vuai, ambaye angeweza kuvumilia matusi mpaka magharibi, hilo hakuliweza.

"Nimefunga," akasema.

"Umefunga nini? Ramadhani imeingia miye sina habari?"

"Namfungia Mwanawema."

Kazija akakaa chini pale pale, mchangani.

"Ngapi?" akauliza.

"Kumi na moja. Leo ya sita."

"Kwako alisema. Kwangu hakusema."

"Alijua utamsimanga."

"Ningemsimanga, ndiyo. Kisha ningefunga naye." Akajifuta macho kwa kanga. Alipoishusha ile kanga, Kazija mwenyewe alikuwa amesharudi. "Haya. Na weye nani alikupa ruhusa?"

"Ruhusa ya nini? Mke wangu."

"Mke wako, ndugu yangu. Shehe Haitham hakutusomesha pale msikitini kwamba wa kumfungia maiti ni jamaa yake wa damu, na mwengine mpaka jamaa huyo amruhusu? Miye nilikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia."

"Miye sikuwepo."

"Ulikuwepo. Ulisinzia, kofia ikakuangukia mapajani, watoto wakacheka." Akainuka, akajipangusa mchanga. "Jamaa wa damu ni miye. Siku zilizobaki ni zangu. Na vidonge umekuwa ukivinywa saa ngapi, mtu uliyefunga?"

Mzee Vuai akamwonesha mbingu, upande wa magharibi.

"Vyote?"

"Kimoja daku."

"La haula! Masika! Masikaaa! Funga gari!"

Masika, mumewe, akaleta gari lao la ng'ombe. Mguu ulikuwa umekataa kukanyaga, na saa saba inakaribia. Ng'ombe yule hajawahi kuharakishwa maishani mwake. Siku ile Kazija alikaa nyuma yake anamsemesha njia nzima, ng'ombe akakimbia ili asimsikie.

Walimkuta Nusaiba ameshika kufuli.

"Nusaiba, mwanangu," Kazija akaanza, "sikiliza nikwambie alilolifanya mzee huyu—"

"Bi Kazija," akasema Nusaiba, "leo naomba aseme mwenyewe."

Mzee Vuai akakaa kwenye kiti. Hakutazama kushoto. Akameza mate, kisha akakumbuka kwamba kumeza mate hakufunguzi, akameza tena.

"Mchana sikunywa hata kimoja," akasema. "Nimefunga tangu Jumatatu. Cha mchana nilikitia pamoja na cha usiku. Jumatano nilikosa cha daku, nikanywa vitatu kwa mpigo. Nikaharisha. Maji mchana sikunywa. Basi."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Masika, mlangoni, akavua kofia.

Nusaiba hakumgombeza. Akavuta kigoda.

"Babu, muhogo wako unalindwa na nani, tumbili wasiung'oe?"

"Miye."

"Sema una walinzi watatu. Mmoja wa asubuhi, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku. Weye yule wa mchana umemwondoa, umemwambia akae na mwenzake usiku. Wako wawili gizani, wanasukumana, hawana kazi ya ziada, na tumbo lako ndilo linaloumia. Mchana kutwa konde halina mtu. Tumbili wanakuja saa ngapi?"

"Mchana."

"Na hawa wa mguuni ndivyo. Dawa ikishapungua mwilini, wanainuka. Na wakizoea dawa ndogo ndogo, siku nyengine hata ikija nyingi hawatishiki. Ndiyo maana saa zina kazi, si hesabu tu."

Mzee Vuai akautazama mguu wake kwa jicho jengine, kama mtu aliyesikia miguu ya tumbili kwenye majani makavu.

"Ungenambia umefunga, ningempigia daktari tukatazama njia," akaendelea Nusaiba. "Maradhi mengine yana dawa ya mara moja au mbili kwa siku. Lakini kwa mguu huu, babu, usifunge. Unahitaji dawa kwa saa zake, maji, na chakula."

"Mgonjwa kapewa ruhusa na aliyeileta funga yenyewe," akadakia Kazija. "Weye nani hata uikatae?"

Nusaiba akampima joto. Homa hakuwa nayo. Wekundu ulikuwa pale pale pa Alhamisi, haukushuka, haukupanda. Akampigia daktari wa hospitali, akamweleza kila kitu, akasikiliza, akaandika. Aanze upya siku saba, kwa saa. Jumatatu aonekane. Ukipanda hata kidole kimoja, apelekwe. Vidonge vilivyobaki vilikuwa sita, akaongeza kumi na vitano, akamtilia kikombe maji.

"Ya bomba," akasema. "Na leo hapana kisima."

Mzee Vuai akatia kidonge kinywani, akagusisha kikombe midomoni, akakirudisha kwa heshima zote.

Kazija akamwinamia. "Ulimi juu."

Akauinua ulimi. Kidonge hakikuwepo.

"Shavu la kushoto."

Akakimeza kwa maji. Ya sita ikavunjika hapo, saa saba na dakika tano, na Mzee Vuai akahisi kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Njiani Masika akampa ndizi. Akaila yote.

Kuanzia Jumapili mambo yakageuka. Aliyefunga sasa ni Kazija, na aliyekula ni Vuai. Kazija alisema haondoki barazani mpaka aone chakula kimeshuka kwenye koo la binadamu. Simu yake aliitia mlio wa jogoo, uwike saa saba kamili. Ukawika, majogoo wa kweli wakajibu, na Mzee Vuai akameza kidonge katikati ya makelele hayo. Kisha sahani ikafunuliwa.

Paka walikuja. Wakakaa. Wakamwona anakula mwenyewe, wakatazamana.

"Chumvi imekaa?" Kazija akauliza siku ya kwanza. Hakuweza kuonja, akapika kwa kukisia.

Mzee Vuai akatafuna polepole, macho kafumba.

"Imekaa au haikukaa?"

"Nafikiri bado."

Akafikiri mpaka nusu ya sahani. Kazija anamwangalia yule samaki, harufu ya nazi inampanda puani, koo kavu kama fuu. Jumanne Vuai akazidisha. Akanyonya mfupa kwa sauti, akavilamba vidole kimoja kimoja, akasema kwa upole, "Changu wa leo, hata marehemu hajapata kumpika hivi."

Mtu mwengine angefurahi. Kazija alijua anachofanyiwa.

"Kula, unyamaze. Magharibi itafika na miye nitakula mbele yako."

"Na pilipili imekolea."

"Vuai!"

Alicheka. Kicheko kidogo, cha puani, lakini Kazija alikisikia, na akavuka njia kwenda kwake kuingojea magharibi.

Jumatatu wekundu ulikuwa umerudi chini ya mstari. Jumatano ngozi ya mguu ikaanza kukunjana, uvimbe unashuka. Alhamisi akavaa viatu, akaenda nyuma ya migomba na kurudi bila fimbo.

"Nimepona," akatangaza barazani.

"Bado vitano," akasema Kazija, na jogoo wa simu hata hajawika.

"Lakini—"

"Nusaiba alisema ukijiona mzima ufanye nini?"

Hilo lilikuwa na jibu moja tu, na alilijua. Kazija akahesabu upya mwenyewe, akakuta ni sita, kwa kuwa cha saa saba hakijamezwa. Wakagombana kidogo kuhusu hilo, kwa raha.

Ijumaa, baada ya sala, Fahmi akafika. Alikuja na begi kubwa, tupu, la kutilia nguo za baba yake. Pua ilikuwa nyekundu, anapiga chafya kila hatua, feni ya boti imemmaliza. Akamkuta mzee anatoka msikitini na Masika, kwa miguu yake, anatembea mbele.

Akamkalisha barazani, akaukagua ule mguu, akaubonyeza. Begi lilikuwa bado mkononi.

"Naona uvimbe umepungua, baba. Lakini umri ule ule. Keshokutwa nikiondoka, utakuwa peke yako tena." Akapiga chafya, akaiona bahasha dirishani, akachungulia ndani. "Vimebaki viwili? Basi nipe miye hivi vya rangi mbili, mafua haya yataniua. Weye ushapona."

Mkono wa Fahmi ukanyoka. Mkono wa Mzee Vuai ukatangulia.

"Hutopewa," akasema.

"Viwili tu, baba."

"Kimoja cha saa tatu usiku. Kimoja cha alfajiri. Vina zamu zao. Vimeandikiwa mguu wangu, weye pua yako haikuandikiwa. Mafua dawa hii haiyawezi, Nusaiba kawaambia kina mama mbele yangu. Utavimeza bure, na wadudu wako wazoee, siku ukiumwa kweli usipate la kukusaidia. Kanywe chai ya tangawizi, ulale. Na mtu asimezeshwe dawa hajaulizwa kama inamdhuru. Umeulizwa weye?"

Fahmi akaushusha mkono. Miaka yake thelathini na nane, baba yake hajawahi kumpa maneno mengi hivyo kwa wakati mmoja.

"Mama mdogo," akasema polepole, "nani huyu?"

"Tumempata wiki hii," akasema Kazija. "Alikuwemo ndani."

Fahmi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaliweka begi chini.

"Mtu anayeweza kuninyima dawa mbele ya mashahidi anaweza kukaa peke yake," akasema. "Lakini kila Ijumaa napiga simu, na unajibu mwenyewe."

Aliondoka Jumapili. Lile begi lilijaa muhogo na mkungu wa ndizi, akalibeba kwa tabu.

Jumatatu Nusaiba akautazama mguu, akasema kidonda kimeziba, dawa zimekwisha kama zilivyotakiwa kwisha. Mzee Vuai akamwuliza jambo, kwa mdomo wake mwenyewe. Nusaiba akatabasamu, akamwambia sasa hapana kizuizi.

Kazija alikuwa amefunga tangu Jumapili ile mpaka Alhamisi. Siku tano. Ya sita akaiacha, hakusema kwa nini, na mtu akimwuliza anasema ana shughuli.

Jioni ya Jumatatu hiyo Mzee Vuai akavaa kanzu, akavuka njia, akapiga hodi. Tangu Mwanawema afe hakuwahi kuupiga hodi mlango ule. Kila siku mlango ule ndio uliokuja kwake.

"Shemeji," akasema.

"Karibu, shemeji. Una nini na kanzu?"

"Naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Sema yote, miye sikumalizii maneno."

Akasimama vizuri.

"Kesho nimfungie Mwanawema. Ile moja iliyobaki."

Kazija akaikaza kanga kiunoni. Ndani, Masika aliacha kupuliza moto.

"Nusaiba anasemaje?"

"Kasema nifunge."

"Moja," akasema Kazija. "Moja tu. Na adhuhuri nitakuja nikague. Nikimkuta paka hata mmoja kakaa kitako, ruhusa nairudisha."

Mzee Vuai akashukuru, akageuka kwenda zake. Mguu haukumwuma hata kidogo. Lakini akauchechemesha, polepole, kwa ustadi, mpaka alipopita usawa wa dirisha la Kazija na kuvuka njia yote, ili futari ya kesho imfuate mlangoni kwake.